Florida ya wastaafu inamfaa kijana anayejenga kazi?

Swali: Mimi na mume wangu tunaishi Brooklyn Park, Minnesota. Nina miaka 27, yeye ana 30. Mimi ni CNA (msaidizi wa muuguzi) kwenye makao ya wazee na nimebakiza mwaka mmoja nimalize masomo ya RN (muuguzi aliyesajiliwa). Yeye yuko kitengo cha msaada wa kompyuta kwenye kampuni moja, na anasomea usalama wa mitandao. Rafiki yangu alihamia Cape Coral, Florida, na mwezi wa kwanza ananitumia picha za ufukweni wakati mimi nakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Anasema huko hakuna kodi ya mapato, wazee wamejaa kwa hiyo kazi hazikosekani, na nyumba zimeshuka bei. Mjomba wangu naye anasema kule mtu huenda akishamaliza kazi, si akiwa anaianza. Nimsikilize nani?

Jibu:

Dada, rafiki yako hakudanganyi na mjomba wako hakosei. Kila mmoja ana aina yake ya kazi kichwani anapozungumza. Kwa ufupi: uuguzi una nafasi nzuri pwani ile, ila usiende kabla hujamaliza masomo. Kazi anayoitaka mumeo haina mizizi Cape Coral, na mkienda huko yeye ndiye atakayeumia. Kama jua mnalitaka kweli, Florida ina miji mingine, na ningeanza kwa kuitazama Tampa. Maelezo yake ni marefu kidogo.

Watu wakitaka kuhama huuliza kazi ziko ngapi. Swali lenye faida zaidi ni hili: pesa ya mji huo inatoka wapi? Hapo mlipo, ndani ya mwendo wa gari wa nusu saa hivi, kuna makao makuu ya Target, UnitedHealth, U.S. Bancorp, General Mills, Best Buy na 3M. Makao makuu yanahitaji wahasibu, wachambuzi wa data, watu wa manunuzi, wanasheria, wasimamizi wa miradi, na juu yao wakuu wa vitengo, na juu ya hao wakurugenzi. Kijana anaingia akijibu simu za watu waliosahau nywila, na kufikia miaka 40 anaweza kuwa anaongoza kitengo bila kuhama nyumba. Akikosana na bosi, kampuni nyingine iko barabara ya pili.

Kusini-magharibi mwa Florida pesa huingia kwa mlango mwingine. Inakuja kama malipo ya Social Security (mafao ya uzeeni ya serikali kuu), pensheni, gawio la hisa, faida ya nyumba iliyouzwa kaskazini, na fedha za Medicare, bima ya afya ya serikali kuu, zinazolipia matibabu ya karibu kila aliyefikisha miaka 65. Pesa hiyo ilichumwa Ohio, Michigan, New York, pengine hata Minnesota, miaka mingi iliyopita. Mstaafu hahamii na kampuni aliyoifanyia kazi. Anahamia na matumizi yake. Kwa hiyo kazi zinazozaliwa ni za kuhudumia matumizi hayo: hospitali, kliniki, migahawa, viwanja vya gofu, ujenzi, mapaa, viyoyozi, mabwawa ya kuogelea, uuzaji wa nyumba. Chini kuna kazi nyingi za kulipwa kwa saa. Juu kabisa kuna madaktari, wanasheria wa mirathi na washauri wa uwekezaji wanaolipwa vizuri sana. Katikati ndipo pembamba, na katikati ndiko kijana hukaa kati ya miaka 28 na 45.

Takwimu za umri zinaonyesha hali hiyo. Marekani nzima, watu wa miaka 65 na zaidi hawafiki wawili kati ya kumi. Lee County, ambako Cape Coral na Fort Myers zipo, wanakaribia watatu kati ya kumi. Charlotte County, jirani yake wa kaskazini, ni kama wanne. Sumter County, ambako sehemu kubwa ya The Villages, makazi makubwa ya wastaafu, iko, ni zaidi ya nusu.

Cape Coral yenyewe ina historia inayoeleza mengi. Ilianzishwa mwaka 1957 na ndugu wawili kutoka Baltimore, Leonard na Jack Rosen, waliouza viwanja kwa barua na matangazo ya televisheni kwa watu wa kaskazini waliochoshwa na theluji. (Kwa hiyo hizo picha za rafiki yako zinaendeleza biashara ya zamani.) Walichimba mifereji, ambayo leo ina urefu wa zaidi ya kilomita 600, ili viwanja vingi iwezekanavyo viwe kando ya maji. Ardhi ya ofisi na viwanda waliiacha kidogo mno. Sensa ya 2020 ilikuta watu wapatao 194,000, na bado kila asubuhi wafanyakazi wengi hupanga foleni kwenye madaraja kwenda Fort Myers, kisha jioni wanalipa ada ya daraja kurudi nyumbani. Ni mji mkubwa uliopangwa kama chumba cha kulala.

Sasa tuje kwenye kazi yako.

Ni kweli CNA hakosi kazi pale. Lakini kazi kuwepo ni jambo moja, na kulipwa vizuri ni jingine. Kwa wastani CNA na RN wa Florida wote hulipwa chini ya wenzao wa Minnesota. Kwa RN pengo hilo ni maelfu ya dola kwa mwaka. Watu hushangaa: wazee wengi hivyo, mbona mishahara isipande? Ni kwa sababu gharama ya kumtunza mzee asiyejiweza kwa muda mrefu hailipwi na Medicare, ambayo wengi hudhani inalipa kila kitu. Inalipwa na mfuko wa familia, au na Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, mtu akishaishiwa, na viwango vya Medicaid ni vya jimbo. Vilevile vyama vya wafanyakazi Florida ni dhaifu. Katiba ya jimbo, tangu 1944, inazuia kumlazimisha mtu kujiunga na chama ili apate kazi. Na wanaoomba kazi hizo ni wengi, wakiwemo wahamiaji kutoka Haiti, Cuba, Jamaika na Ufilipino ambao tayari wana jamaa huko.

Minnesota imekwenda njia nyingine. Mwaka 2023 iliunda bodi ya kuweka viwango vya kazi kwenye makao ya wazee, yaani mahali hasa unapofanya kazi. Tangu Januari 2024 mwajiri analazimika kukupa saa za ugonjwa zenye malipo, na tangu Januari 2026 kuna likizo ya kulipwa kwa mzazi na kwa mgonjwa. Florida haina sheria ya jimbo inayomlazimisha mwajiri binafsi akulipe siku unayougua. Pia haijapanua Medicaid, wakati ninyi mna MinnesotaCare, bima ya afya ya jimbo kwa wenye kipato cha chini. Mkipanga kupata mtoto katika miaka michache ijayo, na hukuniambia kama mnapanga, mambo haya yana uzito kuliko ufukwe.

Halafu kuna msimu. Wastaafu wengi hawakai mwaka mzima. Wanakuja kuanzia Novemba, wanajaa Januari hadi Machi, na baada ya Pasaka wanarudi kaskazini. Hospitali na kliniki hufurika miezi hiyo, ovataimu zipo, na mikataba ya muda mfupi ya wauguzi kutoka nje hulipa vizuri. Ikifika Julai wagonjwa wamepungua, na mwajiri anaanza kukupigia simu alfajiri kukuambia usije. Anayeajiriwa Februari huamini mshahara wa Februari ndio mshahara. Ukipata mahojiano ya kazi, uliza bila haya: mwaka jana mwezi wa saba, watu wa kitengo hiki walipunguziwa saa? Jibu la swali hilo litakueleza mengi kuliko kiwango cha kwa saa.

Rafiki yako yuko sahihi zaidi kwenye aina ya uzoefu unaopatikana kule. RN mpya akiingia hospitali ya eneo la wazee atakutana na moyo, kiharusi, nyonga na magoti ya bandia, figo, saratani, kisukari cha miaka mingi na magonjwa ya kusahau. Anaona kwa mwaka mmoja kile ambacho mwingine angekiona kwa miaka kadhaa. Kama nia yako ni moyo, mifupa, ubongo, huduma ya wanaokaribia kufa, au baadaye kuwa muuguzi mtaalamu wa wazee, pale ni shule nzuri. Lee Health, mfumo mkubwa wa hospitali wa Fort Myers, ni miongoni mwa waajiri wakubwa kabisa wa eneo hilo. Naples na Sarasota nazo zina hospitali zenye sifa. Kama ndoto yako ni wodi ya wazazi au watoto, hesabu inageuka. Ipo hospitali ya watoto Fort Myers, Golisano, iliyofungua jengo lake mwaka 2017, lakini nje ya hapo nafasi ni chache na wanaozitaka ni wengi.

Kuhusu leseni. Florida imo kwenye mkataba wa majimbo unaoruhusu leseni moja ya uuguzi kutumika katika majimbo mengi. Imo tangu Januari 2018, mkataba ulipofanyiwa marekebisho. Minnesota haimo. Maana yake leseni ya Minnesota haitavuka yenyewe. Utaomba ya Florida, utatoa alama za vidole, utalipa ada, na utasubiri. Anza miezi kadhaa kabla ya kufungasha. Faida ni kwamba ukishakuwa mkazi halali wa Florida, unaweza kupata leseni itakayokuruhusu kufanya kazi Texas, Georgia au Arizona bila kuomba upya. Kwa muuguzi kijana anayefikiria mikataba ya miezi mitatu mitatu, hiyo ni mali.

Na sasa onyo, kwa sababu najua kitakachokuja: mtu atakuambia uhamie sasa, umalizie masomo kule. Usikubali. Kwanza, vyuo vya umma vya Florida vitakutoza ada ya mgeni hadi utimize miezi 12 ya ukazi na uuthibitishe. Pili, si masomo yote uliyosoma Minnesota yatakubaliwa, na mwaka mmoja uliobaki unaweza kugeuka miwili. Tatu, na hili ndilo zito, Florida ina vyuo vingi vya biashara vya uuguzi, na kwa miaka mingi wahitimu wa jimbo hilo wamefaulu NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi, chini ya wastani wa taifa. Januari 2023 serikali kuu ilifichua mtandao uliouza vyeti bandia zaidi ya 7,600 vya uuguzi kutoka shule za Florida ya kusini. Kuna wauguzi waliopoteza leseni kwenye majimbo mengine kwa sababu ya kashfa ile. Chuo kizuri kipo, na bei ya vyuo vya umma kwa mkazi wa Florida ni ya chini sana ukilinganisha na majimbo mengi. Kwa hiyo ukitaka kusomea shahada baada ya RN, hapo Florida itakufaa. Bodi ya uuguzi ya jimbo hutangaza kiwango cha kufaulu cha kila chuo, na sheria inaweka kwenye uangalizi chuo kinachokuwa pointi kumi chini ya wastani wa taifa kwa miaka miwili mfululizo. Soma orodha hiyo kabla ya kulipa hata senti.

Wengi wetu tuna ndoto ya kuacha kutumwa na kufungua nyumba yetu ya kutunza wazee. Hujauliza, ila nitagusa. Florida ina leseni ndogo ya kutunza wazee hadi watano ndani ya nyumba unayoishi mwenyewe, chini ya mamlaka ya afya ya jimbo, AHCA. Sharti la kuishi humo ndilo linalowashinda wengi. Wateja wapo, na baadhi wana uwezo wa kulipa kutoka mfukoni kwa kiwango ambacho hukioni sehemu nyingi za nchi. Lakini mtaji wa kununua nyumba inayofaa na bima yake ni mzito, na nitaieleza bima hapa chini. Ni mpango wa miaka kumi ijayo.

Mumeo. Hapa nitakuwa mkali kidogo.

Usalama wa mitandao si kazi ambayo mtu huianza peke yake sebuleni. Unaanza kwenye timu, ukikaa karibu na watu wanaojua zaidi, ukiona mashambulizi ya kweli na makosa ya kweli. Timu hizo ziko kwenye benki, kampuni za bima, hospitali kubwa, jeshi na makao makuu ya kampuni. Eneo la Fort Myers lina waajiri wachache wa aina hiyo: mfumo wa hospitali, serikali ya kaunti, Florida Gulf Coast University iliyofunguliwa 1997, Hertz pale Estero, na Arthrex, watengenezaji wa vifaa vya upasuaji wa mifupa, Naples. Waajiri wazuri, lakini unawahesabu kwa vidole. Akiachishwa na mmoja, wa pili hana nafasi, na wa tatu yuko mbali kwa gari. Atajikuta anatengeneza kompyuta za wastaafu nyumba kwa nyumba. Ni kazi halali na watu hao ni wateja wema, ila haitampeleka anakotaka.

Tampa ni habari nyingine, saa mbili na zaidi kwa gari kuelekea kaskazini. Jua ni lile lile. Raymond James na Jabil wana makao makuu St. Petersburg, benki kubwa kama Citi na JPMorgan zina ofisi za maelfu ya watu, ReliaQuest na KnowBe4 ni kampuni za usalama wa mitandao zilizokulia hapo hapo, na kambi ya MacDill ina makao ya kamandi mbili kubwa za jeshi la Marekani, CENTCOM na SOCOM, pamoja na wakandarasi wanaozizunguka. Jambo moja ambalo matangazo ya ajira huliandika kwa herufi ndogo: kazi nyingi za wakandarasi hao zinadai kibali cha siri cha serikali, na kibali hicho hupewa raia. Kama mumeo bado ana green card, mlango huo umefungwa kwake mpaka aape uraia. Bora ajue kabla ya kuhesabu nafasi zilizopo. Na kwako wewe Tampa ina Tampa General, hospitali ya kufundishia, pamoja na kituo cha saratani cha Moffitt. Wazee pia wapo tele kote kando ya ghuba, kuanzia Clearwater hadi Bradenton. Hupotezi kitu.

Rafiki yako atasema mumeo afanye kazi akiwa nyumbani, kwa njia ya mtandao. Kwa mtu mwenye uzoefu wa miaka kumi, sawa, na Cape Coral wapo watu wa namna hiyo. Kwa anayeanza, kazi za mbali ndizo zenye ushindani mkali kuliko zote, na ndizo mtu husahaulika wakati wa kupandishwa cheo.

Pesa, basi. Ni kweli Florida haina kodi ya mapato ya mtu binafsi, katiba yake inaikataza. Tufanye hesabu. Tuseme mnaingiza dola 90,000 kwa mwaka ninyi wawili. Ukitoa makato ya kawaida, Minnesota inawatoza asilimia 5.35 kwa sehemu kubwa ya kiasi kinachobaki na 6.8 kwa sehemu ndogo. Jumla ni kama dola 3,400 kwa mwaka, chini ya dola 300 kwa mwezi. Ndiyo faida yote. Sasa punguza mshahara wako kwa dola 3 tu kwa saa: kwa mwaka wa shifti kamili umepoteza dola 6,240. Kukosa kodi ya mapato kunamfaa sana mwenye dola laki tano za gawio, na huyo ndiye ambaye jimbo linamvutia. Kima cha chini cha mshahara kimepanda kwa kura ya wananchi ya 2020, kikafika dola 14 Septemba 2025 na kitafika 15 Septemba 2026. Hilo limesaidia wa chini kabisa. Wewe uko juu yake kidogo, na waajiri wengi hawakupandisha ngazi za juu kwa kasi ile ile.

Bima ndiyo inayokula hiyo dola 300. Bima ya gari Florida ni miongoni mwa zilizo ghali zaidi nchini, nanyi mtahitaji magari mawili, maana mabasi ya Lee County si ya kumtegemea mtu wa shifti ya usiku. Bima ya nyumba ni balaa kubwa zaidi. Kampuni kadhaa zimefilisika au kuondoka, na Citizens, shirika lililoundwa na jimbo mwaka 2002 kwa ajili ya waliokosa pengine, liliwahi kuwa na wateja zaidi ya milioni moja. Na bima ya nyumba hailipi mafuriko. Hiyo unanunua kando, kupitia mpango wa serikali kuu au kampuni binafsi. Hata mpangaji anayeishi ghorofa ya chini anatakiwa kuifikiria.

Kuhusu nyumba kushuka bei: zimeshuka kweli. Cape Coral imekuwa miongoni mwa miji iliyoshuka sana tangu kilele cha 2022. Lakini fungua matangazo hayo uyasome vizuri. Mengi ya bei ya kuchekesha yako ndani ya mitaa ya watu wa miaka 55 na kuendelea. Sheria ya taifa ya 1995 inairuhusu mitaa hiyo kuwakataa vijana mradi angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa ziwe na mtu wa umri huo. Wewe na mumeo mnaweza kukataliwa, hata mkiwa na pesa taslimu. Nyingine ni fleti kwenye majengo ya ghorofa ya miaka ya 1970 na 1980. Jengo la Surfside, karibu na Miami, liliporomoka Juni 2021 na kuua watu 98, na baadaye sheria ikayalazimisha majengo ya zamani yenye ghorofa tatu na zaidi kukaguliwa na kuweka akiba ya matengenezo. Wazee wanauza kwa sababu michango ya lazima imewashinda. Ukinunua, unanunua na mchango huo.

Na kodi ya majengo inayoonekana kwenye tangazo ni ya muuzaji, si yako. Tangu 1995 thamani inayotozwa kodi kwa mkazi wa kudumu haipandi zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka, hata soko likipaa. Bibi aliyeishi hapo miaka 25 analipa kidogo. Siku unayonunua, thamani inahesabiwa upya kwa bei ya soko. Utaishi jirani na mtu mwenye nyumba kama yako, anayelipa nusu ya unacholipa wewe, na kila kitu ni halali.

Mjomba wako ana hoja moja ambayo pengine hakuieleza. Uchumi unaotegemea wastaafu na ujenzi huanguka wote kwa pamoja. Mwaka 2008 mzee wa Ohio aliposhindwa kuuza nyumba yake, hakuhamia Florida. Asipohamia, fundi hajengi, dalali hauzi, mgahawa haujai. Lee County ikawa miongoni mwa maeneo yaliyoongoza nchini kwa nyumba kuchukuliwa na benki, na watu waliokosa kazi wakapita asilimia 12 wakati taifa zima halikuzidi 10. Uuguzi ulistahimili kuliko kazi nyingine. Familia ambayo mmoja ni muuguzi na mwingine anategemea ujenzi ilisimama kwa mguu mmoja.

Vimbunga nitavipitia haraka kwa sababu kila mtu atakuambia. Ian ilitua karibu na Fort Myers tarehe 28 Septemba 2022 ikaua watu wapatao 150 jimboni, na Milton ilitua Siesta Key, Sarasota, Oktoba 2024. Jambo ambalo huambiwi ni kwamba muuguzi hakimbii kimbunga. Hospitali nyingi zina kundi la kwanza linaloingia kabla ya upepo na kulala humo mpaka upite, na kundi la pili linalowapokea. Wengine wakihama kuelekea kaskazini, wewe unaweza kuwa wodini huku mumeo na mtoto wako barabarani. Uliza wakati wa mahojiano uko kundi gani na malipo yake ni yapi.

Upweke? Si mkubwa kama watu wanavyodhani, ila upo. Jamii yetu ya Waswahili pale ni ndogo sana ukilinganisha na Brooklyn Park, ambako mtu akifiwa sebule inajaa kabla saa moja haijapita. Majirani zako watakuwa na umri wa wazazi wako. Hilo lina uzuri wake: wastaafu wale walikuwa mameneja, wahandisi na wenye biashara, wana muda, na wanapenda kuulizwa. Baadhi hujitolea kupitia SCORE, shirika la tangu 1964 linalowashauri wafanyabiashara wadogo bila malipo. Kijana asiyeona haya kubisha hodi anaweza kupata mlezi wa kazi asiyempata Minneapolis.

Kama mngekuwa wadogo zangu, ningewapangia hivi. Wewe maliza RN hapo hapo. Fanya mwaka mmoja au miwili kwenye wodi ya hospitali, si makao ya wazee, ili uingie Florida ukiwa na kitu cha kujadiliana mshahara. Mumeo atumie muda huo kutoka kwenye msaada wa kompyuta na kuingia timu ya usalama hata kwa cheo cha chini, hapo ambako kampuni ni nyingi. Kisha nendeni kutembelea Agosti, msiende Februari. Laleni Tampa siku kadhaa na Fort Myers siku kadhaa, amka saa kumi na mbili asubuhi uendeshe kutoka Cape Coral hadi hospitali uione hiyo foleni ya daraja, na utembee nje saa nane mchana uone kama jua hilo unalitaka kweli. Pangeni nyumba mwaka wa kwanza, msinunue. Kabla ya kusaini popote, pigieni simu wakala wa bima mkiwa na anwani kamili ya nyumba na aina ya magari, mpate bei kwa maandishi.

Na kama mwajiri wa mumeo wa Minnesota atasema anaweza kubaki na kazi yake akiwa Florida, apate ruhusa hiyo kwa maandishi kutoka ofisi ya rasilimali watu, isiwe neno la bosi wake tu. Kampuni inapaswa kujisajili kuwa na mfanyakazi katika jimbo hilo, baadhi hukataa, na nyingine hupunguza mshahara kulingana na mahali unapoishi. Jibu hilo liwe mkononi kabla hamjatoa notisi kwa mwenye nyumba.